Atakayeruka Baada Yako

Mpango wetu ulianza kwenye karatasi ya kaki iliyokuwa imefungiwa mishikaki. Tulikuwa wanne, tumekaa kwenye viti vya plastiki pale Sakina, na mwenzetu mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Jinja alikuwa akitueleza namna mtu anavyoushuka mto wenye kasi akiwa ndani ya kayaki. Akachukua kalamu, akachora mstari uliopindapinda katikati ya madoa ya mafuta. Juu akaweka alama: hapa tunaingia. Chini akaweka nyingine: hapa tunatoka. Katikati palikuwa na kilomita sita za mto mwembamba unaoteremka kutoka Mlima Meru, wenye mawe, kona na maporomoko madogo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaona kwa mbali tu, akiwa darajani.

"Sijasikia mtu aliyewahi kuupita," alisema.

Sisi watatu tuliobaki tulikuwa na miezi kadhaa tunatuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Sentensi ile ilituingia kama chai ya tangawizi asubuhi ya Julai.

Mto wenyewe sitautaja. Mkazi wa Arusha anaweza kuanza kubahatisha, Themi, Nduruma, Usa, Maji ya Chai, na aendelee tu. Siutaji kwa sababu ninajua namna tunavyosoma mambo haya: onyo tunaliruka, mahali tunapahifadhi kwenye simu. Nitakachokitaja ni swali nililolipata katika kupanga safari ile, ambalo halijaniacha mpaka leo. Mtu akiamua kuhatarisha maisha yake mwenyewe, kwa hiari yake, kwa ajili ya raha tu, anamkosea nani?

Tuanze na mto. Kilele cha Meru kina mita 4,566 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko kwenye mita kama 1,400. Kati ya kilele na jiji, ukipima kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita zisizofika 20. Maji ya mlima huu yakishafika tambarare hutulia, huingia Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo huwa Mto Pangani unaokwenda mpaka Bahari ya Hindi. Lakini huku juu mto ni ngazi. Na mvua inaweza kunyesha msituni wakati huku mjini watu wanaanika nguo. Ukiwa ndani ya korongo hulioni wingu. Unaona tu kwamba maji yamebadilika rangi, na hapo yameshakufikia.

Wanaocheza mchezo huu hupima ugumu wa maji kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea taratibu, mtu anaweza hata kuongea na mwenzake. La sita ni mahali ambapo hata mabingwa hushuka, wakabeba kayaki begani na kupita kwa miguu. Tatizo ni kwamba daraja halikai kwenye mto kama jina linavyokaa kwa mtu. Mto uliokuwa wa daraja la tatu mwezi wa Agosti unaweza kuwa wa tano mwezi wa Aprili, masika yakikolea.

Mwenzetu alikuwa amejifunzia Nile. Pale Jinja mto ni mpana, una maji mengi na kina kirefu, na baada ya mawimbi mara nyingi unakuta sehemu iliyotulia ya kupumua na kutafuta kasia lako. Mto mdogo wa mlimani hauna huruma hiyo. Maji ni machache na mawe ni mengi, kwa hiyo ukipinduka kichwa chako ni jirani wa jiwe. Mti ulioanguka ukalala kuvuka mto huruhusu maji yapite katikati ya matawi, lakini mwili wa mtu haupiti. Mguu ukibanwa kati ya mawe mawili, maji ya kiunoni tu yanatosha kumlaza mtu mzima na kumzuia asiinuke. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne.

Haya yote tulikuwa tunayajua. Ninataka hilo lieleweke, kwa sababu hadithi za namna hii huwa zinasimuliwa kana kwamba vijana walikuwa wajinga. Tulikuwa na jedwali kwenye kompyuta: kofia ngumu nne, majaketi ya kuokolea manne, kamba mbili za kurusha, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, na nani analeta nini. Tulipanga kukaa chini ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha ili tusiingie bila kibali. Tuliandika namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Tulikuwa tunafuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na mwenzetu alikuwa na hoja yake ya haraka: maporomoko ya Bujagali, ambayo waliomtangulia Jinja walikuwa wanayasimulia, yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011. Mito haisubiri, alisema. Leo upo, kesho ni bwawa.

Juu kabisa ya jedwali, kwa herufi nzito, tuliandika sentensi ambayo wote wanne tuliikubali bila mjadala: *Kila mtu anabeba hatari yake mwenyewe.* Niliipenda. Ilisikika kama sentensi ya watu wazima.

Jumamosi moja tulikwenda kuutembea mto kwa miguu, kama inavyotakiwa. Huwezi kushuka maji usiyoyaona. Unatembea ukingoni, unaangalia kila kona, unaweka alama mahali pa kutokea ikiwa mambo yatabadilika. Tulikuwa tumetembea kama saa moja tulipomkuta mzee mmoja anasafisha mdomo wa mfereji, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni kwenda kwenye migomba, kahawa na mboga za watu. Miteremko hii ya Wameru na Waarusha imejaa mifereji ya namna hiyo, mingine ya tangu enzi za mababu, na kila mfereji una utaratibu wake: zamu za kufungua maji, siku ya kusafisha, faini ya asiyefika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmepotea?"

Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea jembe lake, na hakucheka kama tulivyotarajia. Aliuliza kayaki ina uzito gani. Aliuliza kama inapasuka. Kisha akauliza:

"Na mkizama, nani anawatoa?"

Mwenzetu alimjibu kwa heshima. "Mzee, hatari zake tunazijua. Kila mtu anabeba ya kwake."

"Ya kwako unaibeba mpaka hapo unapopiga kelele," mzee alisema. "Ukishapiga kelele, ni ya kwetu."

Akamwonyesha kwa kidevu kijana wa miaka kama kumi na sita aliyekuwa anatoa majani upande wa pili wa mfereji. "Huyu ni mjukuu wangu. Akisikia mtu analia mtoni, ataruka. Hatakuuliza kwanza kama ulikuwa unajua hatari zake."

Kijana aliinua uso, akatuangalia, akaendelea na kazi.

Tuliporudi mjini jioni, wenzangu walimwongelea mzee kama kikwazo cha kuzungukwa. Mimi nilikuwa namfikiria mjomba wangu.

Mjomba ni fundi seremala, au niseme alikuwa. Nilipokuwa darasa la tano, masika, vijana fulani walikuwa wanashindana kuvuka Mto Kijenge ukiwa umejaa. Mmoja alisombwa. Mjomba alikuwa anapita na baiskeli. Aliitupa, akaingia majini, akamfikia yule kijana na kumsukuma kwa watu waliokuwa ukingoni, kisha yeye mwenyewe akapigizwa kwenye zege la kalavati. Bega lilivunjika vibaya na halikurudi kama lilivyokuwa. Kupiga randa kunataka bega. Leo anauza misumari, bawaba na gundi ya mbao kwa mafundi wanaofanya kazi aliyoipenda. Yule kijana hatukumwona tena. Sidhani kama ni mtu mbaya. Nadhani aliona aibu, na aibu ikikaa muda mrefu inageuka kusahau.

Sasa, yule kijana alimkosea mjomba? Hakumwita kwa jina. Hakumwomba aruke. Alikuwa amebeba hatari yake mwenyewe, kama sentensi yetu inavyosema.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake *On Liberty* cha mwaka 1859, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Mill anasema ukimwona anakanyaga daraja ambalo linajulikana ni bovu, na hakuna muda wa kumwonya, unaweza kumshika na kumrudisha, kwa sababu hakuna anayetaka kuanguka mtoni. Lakini kama kinachojulikana ni kwamba daraja *linaweza* kuvunjika tu, mwonye, kisha mwache aamue. Maisha ni yake. Nilipousoma mfano huu chuoni niliupenda, na bado naupenda. Nimekulia mahali ambapo kila mtu mzima ana maoni kuhusu nywele zako, mchumba wako na saa unayorudi nyumbani. Mtu anayesema "mwache aamue" ni pumzi.

Lakini ukiuangalia mfano wa Mill kwa macho ya mtu aliyekulia karibu na mto wa Meru, unaona kwamba kuna mtu hayumo. Kuna anayevuka, na kuna anayemshika mkono au kumwonya. Hayupo atakayeruka daraja likishavunjika. Kwetu yeye yupo daima. Aprili 2024, katika mvua zile kubwa, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo hapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Kabla ya kamba na vyombo vyovyote, walioingia majini walikuwa raia waliokuwa karibu, na miongoni mwao alikuwamo aliyekufa akiokoa. Watoto wale hawakuchagua hatari yoyote, na sitawaweka kwenye mizani moja na watu wanaotafuta msisimko. Nawataja kwa sababu siku ile ilituonyesha upya jambo tulilolijua: hapa mtu akizama, wapo watakaoingia. Ukipanga kushuka mto wa hapa, unapanga ndani ya ukweli huo, upende usipende.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba mjomba naye alichagua, na kwamba kumwondolea uchaguzi wake ni kumdharau. Ni kweli alichagua. Lakini alichagua ndani ya sekunde tatu, akiwa hana kamba wala mafunzo, na akiwa mtu wa aina ambayo isingeweza kuendelea na safari ya baiskeli. Kwa mtu wa aina hiyo, kelele ya anayezama ni kama amri.

Kuna jibu la pili, lenye nguvu zaidi. Kila tunachofanya kinawabebesha wengine. Anayepanda bodaboda bila kofia anawabebesha madaktari. Anayepanda Meru kutazama jua likichomoza anawabebesha wapagazi. Tukisema usifanye lolote litakalomfanya mwingine akukimbilie, tubaki kitandani, na hata kitandani mtu huugua. Tena ni rahisi sana kumwambia kijana asiye na kazi kwamba raha yake si ya lazima. Raha ni ya lazima. Nimeona watu waliokosa raha kwa muda mrefu, na hatari waliyoiangukia ilikuwa kubwa kuliko mto.

Kwa hiyo jibu langu si kwamba tusiende. Jibu nililipata kwenye mfereji wa yule mzee, ingawa yeye hakulisema. Mfereji ni wa wote. Aliye juu akifungua maji siku isiyo yake, hamgusi mtu yeyote kwa mkono, hampigi, hamwibii kuku. Ila mahindi ya aliye chini yanakauka. Kosa lake ni kuchota kwenye kitu cha pamoja kana kwamba ni chake peke yake, bila zamu, bila kushika jembe siku ya kusafisha. Wema wa watu walio ukingoni ni maji ya namna hiyo. Unaruhusiwa kuyatumia, na siku moja utayahitaji tu. Lakini mtu anayepanga kabisa, kwa jedwali na kalamu, safari ambayo mwisho wake unategemea wema huo, halafu asiwaulize wenye wema, amefungua mfereji usiku.

Niliwaambia wenzangu hivyo, kwa maneno mabovu kuliko haya. Tulibishana wiki nzima kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja alisema ninaogopa na ninatafuta falsafa ya kuuvisha woga nguo. Sikuwa na jibu zuri kwa sababu ni kweli nilikuwa naogopa. Alijitoa. Tukabaki watatu.

Mpango mpya ulikuwa tofauti kwa mambo ambayo hayapendezi kwenye picha. Kilomita sita zikawa mbili, sehemu ya chini tu, ambako ukingo unafikika kwa miguu kila mahali. Masika yakaachwa yapite kabisa. Katika watu watatu, wawili wanashuka na mmoja anabaki nchi kavu na kamba, kwa zamu, na aliye nchi kavu hana kazi nyingine. Tulifanya mazoezi kwenye maji yaliyotulia mpaka kila mmoja aliweza kurusha kamba ikatua mikononi mwa mwenzake. Tulijifunza mpangilio wa kuokoa: kwanza mwite, kisha mnyooshee mti au kasia, kisha mrushie kamba, na kuingia majini kuwe jambo la mwisho kabisa, kwa aliyefunzwa tu.

Kisha tukarudi kwa mzee. Tulimwomba ruhusa, na kupitia kwake tukawaomba wenye mfereji. Walijadiliana bila sisi kuwapo. Jibu lilikuja na masharti: tusipite juu ya mdomo wa mfereji, tusije siku ya zamu ya kusafisha isipokuwa tumekuja kusafisha, na tumfundishe mjukuu ile kamba. Hili la mwisho lilikuwa la mzee mwenyewe. "Ataruka tu," alisema. "Basi awe na kitu cha kufanya kabla ya kuruka."

Tulimfundisha. Kwa mrusho wa tatu alikuwa ananishinda.

Siku yenyewe, mwezi wa Agosti, tulifika saa moja asubuhi. Anga ya Arusha ilikuwa safi, lakini kilele cha Meru kilikuwa kimefunikwa na wingu zito. Mzee aliangalia juu kwa muda mrefu. "Huko inaweza kuwa inanyesha," alisema. "Inaweza."

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Nilikuwa nimeshavaa jaketi na kofia. Tulikuwa tumekodi gari. Tulikuwa tumejipanga tangu Machi. Kila kilichonivisha vitu vile kilikuwa kinanisukuma mtoni, na niligundua kwamba methali hii, ninayoipenda kwa mambo mengi, ukingoni mwa mto ni mshauri mbaya. Mpango mzuri ni ule unaokuruhusu kuvaa nguo zako tena bila kuomba radhi.

Tulivua, tukapakia kayaki, tukarudi mjini.

Laiti ningeweza kuandika kwamba saa moja baadaye maji yalishuka na magogo na kuthibitisha busara yetu. Hayakushuka. Mzee alinipigia simu jioni kwa hiari yake kuniambia kwamba mto ulishinda vilevile, mweupe na mtulivu. Mwenzetu wa Jinja alinyamaza siku mbili. Tungepita, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi: tungepita. Ila kama tungepita salama, pia tungejifunza kwamba wingu la Meru ni la kupuuzwa.

Tulirudi wiki tatu baadaye na tukashuka zile kilomita mbili. Nilipinduka mara moja. Nikiwa chini, masikio yamejaa maji, sikufikiria falsafa yoyote. Nilipoinuka kamba ilikuwa imeshatua mbele ya mkono wangu, na mwisho wake mwingine alikuwa ameushika yule mjukuu, amekaa chini, miguu ameikita kwenye mawe kama tulivyomwelekeza, nguo zake kavu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda dukani kwa mjomba. Nilimsimulia yote, pamoja na wingu. Alikuwa anapima misumari kwenye mizani kwa mkono wake wa kushoto. Nilimuuliza kama leo, kwa anayoyajua, angeingia tena Kijenge.

"Ningeingia," alisema, bila kuacha kupima. "Sasa wewe usinipitishe huko tena."